Elektroforesisi: mwendo wa chembe zenye chaji ndani ya kimiminika

Chota ndoo ya maji ya mto Luiche, jirani na Ujiji, msimu wa mvua. Mchanga hutua chini kabla dakika haijaisha, lakini kesho yake asubuhi maji bado yana tope. Sababu ni mbili, na watu wengi huzichanganya: mnato wa maji, na chaji ya umeme iliyo juu ya kila chembe ya mfinyanzi.

Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kitu kinachopita ndani yake. Asali ya Tabora ina mnato maelfu ya mara kuliko maji, na mkono unausikia ukikoroga. Chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) inakutana na shida hiyo hiyo majini. Kwa kanuni ya mwanafizikia Stokes ya mwaka 1851, inashuka kama mikroni 1 tu kwa sekunde. Kina cha sentimita 30 kinaichukua zaidi ya siku tatu. Ikiwa ndogo mara kumi, kasi inapungua mara mia, na msukosuko wa molekuli za maji unatosha kuizuia isitue kabisa.

Sasa chaji. Ndani ya matabaka ya mfinyanzi, hapa na pale alumini imekalia nafasi ya silikoni, hivyo chembe ikabaki na chaji hasi. Ioni chanya za majini, yaani atomi zenye chaji, huizunguka kama wingu. Chembe mbili zikikaribiana, mawingu hayo husukumana, nazo haziungani kuwa donge zito.

Tumbukiza vijiti viwili vya kaboni vilivyo umbali wa sentimita 10, uviunge na betri ya volti 12. Chembe huanza kuhamia kwenye kijiti chanya. Mwanasayansi Reuss aliliona jambo hili kwa udongo huko Moscow mwaka 1807, na ndilo linaloitwa elektroforesisi. Kasi yake ni takribani mikroni 3 kwa sekunde, yaani sentimita 1 hivi kwa saa. Haiongezeki kadiri muda unavyopita, kwa kuwa mnato hulingana na msukumo wa umeme karibu papo hapo. Kata umeme, na chembe husimama kabla ya sehemu ya milioni ya sekunde kwisha. Maji yakipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 30, mnato hupungua kwa asilimia 20, na mwendo huongezeka.

Maji yenye chumvi nyingi huharibu jaribio: mkondo wa umeme unakuwa mkubwa, maji yanapata joto, na mapovu yanayotoka kwenye vijiti yanayakoroga. Usifunike chombo, kwa sababu mojawapo ya gesi hizo ni hidrojeni, nayo hulipuka.

Shabu, chumvi ya alumini inayotumika kutuliza tope, hufanya kazi kwa njia nyingine. Ioni yake ya alumini ina chaji chanya tatu, kwa hiyo hulisinyaza lile wingu kwa nguvu kuliko ioni ya chumvi ya mezani yenye chaji moja. Anza na gramu 1 kwa lita 20: koroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika kumi, mabonge yakue bila kuvunjika. Acha yatue saa moja, mimina maji ya juu, uyachemshe. Shabu ikizidi, alumini huweza kuzivika chembe chaji chanya. Hapo husukumana upya, tope linarudi, na anayeongeza shabu akidhani haijatosha anazidisha tatizo.