Injini kupumua: maana yake kwenye dizeli ya zamani

Fundi akikwambia "injini hii inapumua", hakusifii gari. Anamaanisha kwamba gesi ya mwako, badala ya kubaki juu ya pistoni na kuisukuma chini, inapenya kati ya ringi (pete zinazoizunguka pistoni) na ukuta wa silinda, inashukia kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kutafuta pa kutokea: mpira wa kupumulia, mdomo wa kujazia oili, hata tundu la dipstiki. Kila injini hupumua kidogo. Tatizo ni kiasi.

Ipashe moto injini, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, kisha fungua kifuniko cha oili, kigeuze na ukilaze juu ya mdomo wake bila kukifunga. Kikitetemeka tu, bado ni nzima. Kikirushwa na moshi ukaja kwa vipindi, pu, pu, pu, huenda silinda moja ndiyo mbovu. Ukija mfululizo, huenda zimechoka zote.

Moshi wa ekzosi peke yake unadanganya. Mweusi ni dizeli kuizidi hewa: anza na chujio la hewa, kisha nozeli zinazopuliza dizeli. Mweupe wa asubuhi unaowasha macho ni dizeli isiyoungua, kwa plagi za kupasha moto zilizokufa, pampu ya dizeli iliyochelewa kupiga au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ndogo. Wa bluu ni oili. Ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, shuku pia silu za valvu, vipira vinavyozuia oili isishuke kupitia valvu. Ukiandamana na kupumua, huenda ni ringi.

Wengi hushusha injini bure hapa. Pampu ya vakyumu ya breki kwenye dizeli nyingi hulainishwa kwa oili ya injini, na hewa inayoivuta huitema ndani ya injini. Basi buusta ya breki (kifaa kinachotumia vakyumu hiyo kulainisha pedali) ikivuja, injini "inapumua" ilhali ringi ni nzima. Gari likiwa limesimama, chomoa mpira wa vakyumu, ziba upande wa pampu, tazama tena kifuniko: kikitulia, si ringi. Turbo iliyolika nayo hufanya vivyo hivyo.

Kumwaga oili kwenye silinda na kupima kompresheni upya, ili kuona kama ringi ndizo zinazovuja, ni mazoea ya petroli. Kwenye injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, silinda ina takriban cc 694 na mgandamizo wa 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya cc 33 hivi. Kijiko kimoja cha chai, cc 5, kinapandisha kipimo hata ringi zikiwa nzima. Ukizidisha unapinda koni rodi, mkono unaoishika pistoni. Bora upulize upepo wa kompresa ndani ya silinda, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa. Ukisikika kwenye mdomo wa oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Zikithibitika ni ringi, kabla ya kununua mpya pangusa kwa kitambaa cheupe ndani ya mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda injini. Kikitoka na vumbi, hizo mpya nazo zitasagwa.