Jina Aika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mfanyie Mchaga wa makamo jambo dogo pale stendi ya Moshi, umpishe kiti au umshikie mkungu wa ndizi, naye atakwambia "aika mbe" kama wewe ni mwanamume, "aika mae" kama ni mwanamke. Ni asante ya Kichaga. Kuna pande za Mlima Kilimanjaro ambako inaanza na h, "haika", lakini neno ni lile lile. Na neno hilo ni jina la mtu pia. Wapo kina Aika na kina Haika, karibu wote wanawake, wachache kiasi kwamba mwalimu mgeni akiita mahudhurio lazima atue kidogo aulize, "Hili jina la wapi?"

Swali halina ubaya. Ubaya uko kwenye majibu. Jina likiwa adimu kila mtu hulitungia maana, na siku hizi simu nayo inajibu kabla mwenye jina hajafungua mdomo. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara hapa Moshi, na mengine hata Arusha.

"Ni la Kijapani, maana yake wimbo wa upendo"

Hili limeenea kuliko yote, na limetoka kwenye zile orodha za majina ya watoto mtandaoni ambazo wazazi watarajiwa huzipekua usiku. Andika Aika, utaambiwa: Kijapani, la kike, upendo na wimbo. Kwa Wajapani si uongo. Wanalo jina Aika, na kweli ni la wasichana. Lakini hata huko kwao maana haikai kwenye sauti, inakaa kwenye maandishi. Sehemu ya kwanza huandikwa mara nyingi kwa alama ya upendo, na ile "ka" inaweza kuandikwa kwa alama ya ua, ya harufu nzuri, au ya wimbo. Wasichana wawili wa Tokyo wakiitwa Aika wote, majina yao yanaweza kuwa na maana mbili tofauti. Orodha inachukua maana moja kati ya hizo na kuwabandika kina Aika wa dunia nzima.

Kwa mtindo huo huo ungeweza kusema jina ni la Kifini, maana Wafini nao wana neno "aika", na kwao ni wakati. Lugha ambazo silabi zake hupenda kuishia na irabu zitagongana tu. Herufi nne kufanana si ushahidi wa undugu. Aika wa Machame ana lugha yake nyumbani, na katika lugha hiyo jina lake linatamkwa kila siku, tena mbele ya watu wasiomjua kabisa.

"Ni Aisha lililokosewa"

Hapana. Aisha ni la Kiarabu, linatokana na kuishi, na limefika kwetu kwa njia ya Uislamu na pwani. Hayakutani popote. Tukiwa hapo hapo, wanaolisoma "Eika" kwa lafudhi ya Kiingereza nao waliache: ni a-i-ka, silabi tatu, kama linavyoandikwa.

"Aika ni kifupisho tu, jina kamili ni Aikaeli"

Hapa pana ukweli nusu, na ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Aikaeli ni jina kamili na lipo, limebeba shukrani kwa Mungu. Lipo pia Aikaruwa, maana ile ile. Tofauti yao ni historia ya mlima. Ruwa ndilo jina la Mungu walilokuwa nalo Wachaga kabla mmisionari yeyote hajapanda huku. Eli ni la Biblia, ni "El" ya Kiebrania, ile iliyomo ndani ya Danieli na Samweli. Watu wengi, hata Wachaga wenyewe, wanadhani Eli ni neno la Kichaga kwa sababu wamekua wakilisikia kwa majirani: Elibariki, Elirehema, Elisante. Wameru wa Arusha, ambao lugha yao iko karibu sana na Kimachame, nao wanayo majina ya Eli tele.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, alifika mlimani 1902 na, kwa vipindi, akawa huku hadi 1938, akishikilia kwamba Ukristo wa Wachaga usimame juu ya ukoo na ujirani wao wenyewe. Katika mazingira kama hayo haishangazi kwamba majina ya ubatizo yalijengwa kwa maneno ya nyumbani, Eli akiingizwa mwanzoni au mwishoni. Aikaeli ni mtoto wa ndoa hiyo: nusu Kichaga, nusu Biblia. Na Elisante? Sikiliza vizuri: ni Eli na asante. Elisante na Aikaeli wamepewa ujumbe mmoja, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kichaga, na wanaweza kukaa dawati moja miaka saba bila kugundua.

Sasa, nusu isiyo kweli. Si kila Aika ni Aikaeli aliyekatwa mkia. Wapo walioandikwa Aika na kubatizwa Aika, basi. Shukrani inajitosheleza, haihitaji kiambatisho ili iwe jina. Kuna watu wanaojipa kazi ya "kusahihisha" jina la mtoto wa mwenzao kwenye fomu ya shule kwa kuliongezea -eli, na mimi huona huo ni ujuaji tu. Aliyetoa jina alijua alichotaka kusema.

"Ni la kike tu"

Aika peke yake, ndiyo, utalikuta kwa wanawake. Likiongezwa Eli, mambo yanabadilika. Mwanasiasa wa Hai anayefahamika nchi nzima anaitwa Freeman Aikaeli Mbowe, na kwa desturi yetu jina la katikati linatoka upande wa baba. Kichaga, kama Kiswahili, hakina neno la kike na la kiume. Asante ni asante. Mazoea ya watu ndiyo yaliyolipeleka Aika kwa mabinti. Ukitaka lugha inayoweka alama ya kike ndani ya jina lenyewe, shuka Arusha kwa Waarusha na Wamasai: Naserian, Namelok, Namunyak, ile Na- ya mwanzo inakwambia kabisa kwamba huyu ni binti.

"Wazazi wake walihangaika sana kupata mtoto"

Mara ngapi binti anayeitwa Aika ameangaliwa kwa huruma, kana kwamba jina lake ni kumbukumbu ya msiba! Dhana ni kwamba mtu hamwiti mtoto Asante bila sababu nzito. Inawezekana kwa baadhi, kila nyumba ina yake. Ila anayejua namna Wachaga wanavyotoa majina hataharakisha hivyo.

Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo: wa kwanza bibi wa upande wa baba, wa pili bibi wa upande wa mama. Siku hizi jina hilo la ukoo mara nyingi hukaa la pili, nyuma ya lile la cheti, na vijana wa mjini wanalivunja wapendavyo, lakini desturi haijafa. Kwa hiyo Aika wa leo huenda ameitwa hivyo kwa sababu bibi yake alikuwa Aika, na hapo mama yake hakuwa na simulizi yoyote ya machozi. Anayestahili kuulizwa kisa ni bibi, au mama yake bibi. Jina likisharithiwa, maana ya kwanza inabaki kule juu kwa aliyelipokea mwanzo, na huku chini kinachoshuka ni ukoo.

Halafu kuwaita watoto kwa shukrani ni jambo la kawaida Afrika nzima. Sisi wenyewe tuna kina Shukuru na kina Shukrani. Wazulu wana Sibongile, tunashukuru. Washona wana Tatenda. Wayoruba wana Modupe. Hakuna anayewaonea huruma.

"Kanisani hawalikubali bila jina la mtakatifu"

Hii ina mizizi, kwa sababu wazee wengi wa Kikatoliki, kuanzia zile parokia za kale kama Kilema, walikua wakati ambapo padri alisisitiza jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe mtoto hapewi jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Kushukuru kuna ugeni gani kwa Mkristo? Kwa Walutheri mjadala huu haujawahi kuwa mzito. Majina ya nyumbani wamebatizia miaka mingi. Bado utawakuta wanaoweka Aika pembeni na kumwandikisha mtoto Jacqueline. Ni hiari yao, ila wasimsingizie mchungaji.

"Ni jina la kisanii"

Hii ni ya vijana, kwa sababu ya Aika wa kundi la muziki la Navy Kenzo. Anaitwa Aika Marealle kweli, na Marealle ni jina la ukoo linalofahamika Marangu tangu enzi za mamangi, watawala wa jadi wa Wachaga. Thomas Marealle alikuwa Mangi Mkuu wa Wachaga miaka ya 1950. Kuhusu kama umaarufu wa msanii umeongeza kina Aika wachanga, anayekupa asilimia anabuni. RITA husajili vizazi na kutoa vyeti. Haitangazi majina yanayoongoza. Wamarekani ndio wenye utaratibu huo kupitia mamlaka yao ya hifadhi ya jamii, na hata wao hawaorodheshi jina lililopewa watoto wasiofika watano kwa mwaka. Kwa hiyo tovuti ikikwambia Aika "halipo" au "ni la mia ngapi", inazungumzia watoto waliozaliwa Marekani. Wa Kibosho hawamo.

Kinachowasumbua kweli wenye jina hili ni tahajia, na hakuna dhana inayoizungumzia. Mtu ni Aika kwenye cheti cha ubatizo, Haika kwenye kadi ya kliniki, Aikael bila i kwenye cheti cha kidato cha nne, halafu NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wanamwandika Aikaeli. Siku ya kuomba pasi ya kusafiria au mafao ya mzazi, anatumwa kutafuta kiapo kwa wakili kuthibitisha kwamba wote hao ni yeye. Kama umeamua kumwita mwanao Aika, amua herufi zako kabla hujatoka wodini, ukiwa bado na kalamu mkononi, maana kinachoandikwa kwenye tangazo la kizazi ndicho kitakachonakiliwa kwenye cheti.