"Andiko huua" si onyo dhidi ya kusoma

Mtu akisema anakwenda chuo cha Biblia, hakosi wa kumwonya: "Angalia, andiko huua, bali roho huhuisha." Yaani ukisoma sana utapoa, mhubiri afungue Biblia tu, Roho atamjaza.

Maneno hayo yamo 2 Wakorintho 3:6. Lakini teremka mstari mmoja tu: Paulo anataja huduma iliyochorwa katika mawe, na uso wa Musa uliong'aa. Mawe hayo ni zile mbao za Amri Kumi. Analinganisha agano la kale na agano jipya. Kukataza watu kusoma hakumo kabisa katika hoja yake. Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13).

Kinachotuponza, naona, ni zile namba. Paulo hakuandika mistari, aliandika barua. Sura tulizo nazo zilipangwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zikaingia mwaka 1551 kwa mkono wa mpiga chapa Robert Estienne. Zinarahisisha kutafuta, sawa, ila zimetuzoesha kunyofoa sentensi kama methali.

Basi anayejiandaa kwa huduma, kabla hata ya kugusa Kigiriki, lugha aliyoandikia Paulo, asome barua nzima kwa kikao kimoja: nani anamwambia nani, na kimetokea nini mpaka akaandika? Kuomba aombe, hakuna aliyemkataza. Wakorintho wa Pili ni sura 13 tu. Saa moja inatosha.