Kupanda Kilimanjaro kwa Miguu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro kwa safari ya siku 5 hadi 9, wakilala katika mahema au vibanda, wakiongozwa na waongozaji wenye leseni na kusindikizwa na wapagazi ambao mlimani huitwa wagumu. Safari hiyo imezungukwa na maneno mengi, na sehemu kubwa ya yasiyo kweli ina chanzo kimoja: watu huuchukulia mlima kuwa kipimo cha nguvu, ilhali unachopima hasa ni muda ambao mwili umepewa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mwenye pumzi na misuli hawezi kuugua. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa mwinuko, yaani maradhi yanayompata mtu anayepanda juu kabla mwili haujazoea, hauchagui mwanariadha wala mkaa ofisini, na hakuna zoezi linaloweza kutabiri nani ataumwa kichwa na kutapika akifika mita 3,800. Vijana wenye nguvu mara nyingi ndio wanaojiumiza, kwa kuwa miguu yao inaweza kuwafikisha juu kabla mapafu na damu havijajiandaa. Mazoezi yana faida zake, kwani mtu aliyejizoeza hachoki upesi na magoti yake hustahimili mteremko, lakini kukimbia kila asubuhi katika ufukwe wa Dar es Salaam hakuufundishi mwili chochote kuhusu hewa nyepesi. Ndiyo maana mwongozaji mzoefu hutangulia kwa mwendo unaowakera wenye haraka, yaani mwendo ambao mtu anaweza kusimulia kisa kirefu bila kukatishwa na pumzi.

Wengine husema kwamba kule juu oksijeni imekwisha. Haijaisha; hewa ya kileleni ina takriban asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao katika Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea. Mwili hujibu kwanza kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi, na figo husaidia kurekebisha kemia ya damu kwa muda wa siku kadhaa, huku ongezeko la chembe nyekundu likichukua wiki. Mitungi ya oksijeni inayobebwa na makampuni makini ni ya dharura, ya kumsaidia mgonjwa wakati anateremshwa, na haichukui nafasi ya kuteremka kwenyewe.

Hapa ndipo inapoingia dhana inayowagharimu watu zaidi, kwamba njia yenye siku chache ni nafuu na rahisi. Njia ya Marangu inasifiwa kuwa nyepesi kwa sababu mteremko wake ni wa taratibu na wageni hulala katika vibanda vyenye vitanda. Tuitazame kwa hesabu. Kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo mita 4,720, kwa hiyo anayechukua safari ya siku 5 hulala mita 1,000 juu zaidi kila usiku, kisha usiku wa tatu, kabla hata hajapata usingizi wa maana, huamshwa kuelekea kileleni. Miongozo ya kitabibu ya safari za milimani inashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 apumzike siku moja. Hata safari ya siku 6, inayoongeza usiku wa pili Horombo, haiutimizi ushauri huo kikamilifu, ingawa ni bora kwa mbali.

Njia ya Machame ina miinuko mikali zaidi na ni ya mahema, lakini ikifanywa kwa siku 7 huupa mwili nafasi nzuri zaidi. Baada ya kulala kambi ya Shira, iliyo karibu mita 3,840, wapandaji hupanda hadi Lava Tower, mwamba mrefu ulio zaidi ya mita 4,600, wakala chakula cha mchana hapo, kisha wakateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Usiku unaofuata Karanga, kimo hakibadiliki sana. Mwili umeonjeshwa hewa ya juu mchana na kurudishwa chini usiku. Kwa maoni yangu, mtu mwenye bajeti ndogo afadhali apunguze anasa za kambini kuliko kupunguza siku, kwa sababu siku moja ya nyongeza ina thamani kuliko hema kubwa lenye meza na viti.

Kuhusu mwongozaji, wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuonyesha njia, na kwa kuwa njia zenyewe zimekanyagwa na maelfu zikaonekana wazi, humwona kama gharama ya kulazimishwa na sheria. Ni kweli kwamba hifadhi hairuhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Lakini kazi yake halisi ni kutazama watu. Jioni, baada ya chakula, hupita kwa kila mmoja na kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni ya damu na mapigo ya moyo. Kidole kikiwa baridi namba hudanganya, hivyo mwenye ujuzi humwambia mgeni apashe mikono kwanza, na hata akipata namba nzuri huendelea kuuliza kuhusu kichwa, usingizi na hamu ya kula. Sahani iliyorudishwa jikoni ikiwa imejaa humwambia mengi kuliko jibu la "niko sawa". Akiwa na shaka humtaka mgeni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba kama mlevi huenda ubongo wake umeanza kuvimba, na huyo hateremshwi kesho asubuhi, hateremshwi baada ya kuliona jua. Huteremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa mtu anayehema akiwa amekaa tu, na ambaye kikohozi chake kina mlio wa majimaji kifuani.

Kwa sababu hiyo kundi huwa na waongozaji wasaidizi, ili mmoja amsindikize mgonjwa bila safari ya wengine kuvunjika. Anayechagua kampuni angefanya vyema kuuliza swali moja ambalo matangazo hayalijibu: ni lini mara ya mwisho mwongozaji wenu alimrudisha mtu, na ilikuwaje? Anayejibu kwamba wageni wake wote hufika kileleni ametoa jibu la kutia wasiwasi.

Kuna pia imani katika dawa. Baadhi husema kwamba asetazolamidi, inayofahamika zaidi kwa jina la Diamox, huficha dalili na hivyo ni hatari. Wengine humeza na kuamini kwamba sasa wanaweza kupanda kwa kasi wanayotaka. Pande zote mbili zimekosea. Dawa hiyo huusaidia mwili kupumua zaidi na kuzoea upesi kidogo, haifichi ugonjwa, na haimkingi mtu anayepanda ovyo. Huongeza mkojo, huleta mchonyoto kwenye ncha za vidole, na haiwafai watu wote, hivyo daktari aulizwe kabla ya safari, si mwenzako wa hemani. Maji nayo yamepewa sifa isiyo yake. Kunywa vya kutosha huzuia upungufu wa maji ambao dalili zake hufanana na za mwinuko, lakini lita za ziada hazitibu mwinuko, na kuzidisha kupita kiasi kunaweza kushusha chumvi katika damu.

Dhana kwamba wenyeji hawadhuriki na mlima inastahili kukanushwa kwa sauti zaidi, maana inawaumiza wasioandika hadithi za safari hiyo. Vijiji vya Wachaga viko chini ya mita 2,000, na mazoea ya hewa ya juu aliyoyapata mgumu katika safari moja hupotea akikaa nyumbani wiki chache. Wagumu huugua kama wageni, na wakiwa na koti jepesi na viatu vilivyoliwa soli hupigwa na baridi kuliko wageni. Mzigo una kikomo cha kilo 20 na hupimwa langoni, ambapo foleni ya mabegi husogea mbele ya mizani huku kilichozidi kikitolewa na kugawiwa upya. Hata hivyo, mizani haioni kama mbebaji ana mfuko wa kulalia unaofaa. Kambi ya Barafu, kituo cha mwisho kabla ya kilele kwa njia kadhaa, haina maji kabisa. Chai inayonywewa pale imetoka bonde la Karanga, imepandishwa mabegani na vichwani.

Kwamba mlima ulio karibu na ikweta hauwezi kuwa na baridi kali ni kosa linaloonekana mapema katika mabegi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na usiku wa kileleni mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10 hasi. Barafu inayoyeyuka haimaanishi kwamba kileleni kumekuwa na joto la kustarehesha, ingawa ni kweli inayeyuka: kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu lilitoweka. (Mito inayotiririka kutoka mlimani hupata maji yake zaidi kutokana na mvua ya ukanda wa msitu kuliko kutokana na barafu hiyo, jambo ambalo husahaulika mijadala ikipamba moto.)

Kamba na ndoano za kukwea hazihitajiki katika njia za kawaida. Ukuta wa Barranco, mwinuko wa miamba ulio juu ya kambi ya Barranco, hudai mikono mahali pachache, basi.

Watu huuliza kwa nini safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane, na hujibiwa kwa mzaha kwamba ni ili mgeni asiione kazi iliyo mbele yake akageuza. Jua la asubuhi ni zawadi tu. Sababu ni kwamba changarawe iliyoganda haitelezi sana, mawingu na upepo huongezeka kadiri siku inavyoendelea, na zaidi ya yote lazima ubaki mwanga wa kutosha kwa ajili ya kuteremka. Kutoka Barafu, mita 4,673, mtu hupanda zaidi ya mita 1,200 kufika Uhuru, kisha siku hiyo hiyo huteremka karibu mita 2,800 hadi kambi ya Mweka. Anayeamini kwamba kilele ndicho mwisho wa safari hutumia nguvu zake zote kupanda na kuanza kujikwaa kwenye vumbi la mteremko, akiwa na usingizi na magoti yanayotetemeka. Helikopta ya uokoaji ipo, lakini haiwezi kuruka katika ukungu mzito, na wengi wanaoshindwa kutembea huteremshwa kwa machela ya gurudumu moja inayosukumwa na watu.

Na asiyefika Uhuru haondoki mikono mitupu, kinyume na inavyosemwa. Hifadhi hutoa vyeti pia kwa waliofika ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu ya mlima, katika Gilman's Point au Stella Point. Raia wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao hudhani mlima huu umewekewa bei ya wageni pekee, hulipa viingilio vya chini sana kuliko wasio wakazi, kwa shilingi, alimradi waonyeshe kitambulisho langoni.