Nyumba ya fraterniti haikarabatiwi kwa barua ya kuomba mchango

Kazi yangu ni kutafuta hela za kukarabati nyumba za fraterniti huku Marekani, zile kongwe haswa, na kila nikienda likizo nyumbani nikiulizwa nafanya nini huko Indiana, nikijibu hivyo watu wanadhani natania. Sasa leo naandika kabisa, manake nimechoka kuelezea kwa voice note.

Fraterniti ni chama cha wanafunzi wa kiume chuoni, kina jina la herufi za Kigiriki, kina kiapo na siri zake, na ukishaingia umeingia maisha yote, hata ukiwa babu wa miaka 80 bado wanakuita ndugu. Phi Beta Kappa ya mwaka 1776, pale William & Mary jimboni Virginia, ndo ya kwanza kujiita kwa herufi za Kigiriki, ingawa leo imebaki chama cha wenye ufaulu wa juu tu, haina mambo ya kuishi pamoja. Hizi za kuishi pamoja chimbuko lake ni Union College kule Schenectady, New York, Kappa Alpha Society ya 1825. Mwanzo walikutana vyumbani kwao tu, baadaye karne ya 19 ikisonga ndo wakaanza kununua na kujenga nyumba, na zingine sio nyumba ni majumba. Nenda Ithaca ukaione Llenroc ya wale wa Delta Phi, kasri la mawe alilokuwa anajijengea Ezra Cornell mwenyewe, yule wa chuo cha Cornell, akafariki mwaka 1874 kabla halijaisha (jina lenyewe ni Cornell ukiisoma kinyumenyume, wazee wa zamani nao walikuwa na utani wao). Fraterniti ikalinunua 1911. Au Bradley House pale Madison, Wisconsin, iliyochorwa na Louis Sullivan, msanifu majengo maarufu, ambayo Sigma Phi wanayo tangu 1915.

Sasa nyumba kama hiyo inalalwa na vijana wa miaka 20, wanakuja wanaondoka, miaka mia nzima. Unaweza kuwaza mwenyewe hali ya sakafu.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawajui, vijana wanaoishi humo hawaimiliki. Mara nyingi mwenye nyumba ni kampuni ndogo ya wahitimu, ina bodi ya wazee wa kujitolea, na vijana wanailipa pango. Hilo pango linatosha bima, umeme, mpishi na kuondoa theluji, likibaki linaziba kiraka. Halitoshi paa jipya la sleti, yani vigae vya mawe. Halitoshi kung'oa nyaya za umeme za enzi za babu zile zilizopitishwa kwenye vigololi vya kauri bila waya wa ardhi, wala kuondoa asbesto kwenye mabomba ya mvuke, wala rangi ya madini ya risasi ambayo ilipigwa marufuku majumbani 1978 lakini ukutani bado ipo imefunikwa na rangi nyingine juu yake. Hiyo hela inatoka kwa wahitimu, hakuna kwingine.

Na ndo hapo bodi nyingi zinapoharibu. Wanakaa kikao, wanaona dari linavuja, wanatuma barua kwa wahitimu wote kwamba ndugu zetu tunahitaji dola milioni 2 tafadhali changieni. Zinarudi cheki za dola 50, za 100, na moja ya dola 1,000 kutoka kwa mtu ambaye angeweza kutoa 200,000 bila hata kumshtua mke wake. Huyo umeshampoteza. Kwa akili yake yeye kachanga tayari, tena kachanga vizuri kuliko wenzake, ukimrudia mwezi ujao unaonekana huna shukrani.

Sisi tumezoea mchango wa harusi, kundi la WhatsApp linafunguliwa, kamati inapanga kiwango, singo kiasi hiki dabo kiasi hiki, orodha inapostiwa kila jioni na asiyekuwemo anaona aibu. Kule kujulikana mapema ndo kunasukuma hela. Huku ni kinyume kabisa, kwenye kampeni ya nyumba sitaki mtu yeyote asikie kitu hadharani mpaka asilimia 60 au 70 ya hela iwe imeshaahidiwa kwa maandishi. Kabla ya hapo ni kimya. Tunapiga simu, tunaenda kula chakula cha mchana na watu, mmoja mmoja, na mwanzoni hata hatuombi hela, tunauliza tu: mchoro huu unauonaje, bei hii unaiamini, unadhani nani mwingine atakuwa na moyo na hii nyumba, na wewe ikifika wakati ungejiweka wapi kwenye jedwali hili?

Jedwali ndo roho ya kazi. Tuseme lengo ni dola milioni 2. Nahitaji mtu 1 wa 400,000, watu 2 wa 200,000, watu 4 wa 100,000 na watu 8 wa 50,000. Piga hesabu, hao ni watu 15 tu na tayari ni milioni 1.6. Laki 4 zilizobaki ndo zinatoka kwa hao mamia wengine wote, wa elfu tano, wa elfu moja, wa mia. Na ili nipate hao 15 nahitaji majina kama 45 ya watu wenye uwezo na wenye mapenzi, manake kwa kawaida mmoja kati ya watatu ndo anafika pale ulipomtarajia, mwingine anatoa nusu yake, wa tatu anakwambia binti yake anaolewa mwaka huu. Bodi ikiniambia hayo majina 45 haipo nayo, basi lengo sio milioni 2, tushuke chini tuchague paa na kinga ya moto tu, jiko baadaye. Kuna wanaonichukia kwa kusema hivyo, poa tu.

Majina yenyewe ni kazi pia. Kuna kitabu ambacho kila aliyeapishwa alitia sahihi, na mara nyingi kila mtu ana namba yake, hicho kwangu ni dhahabu, tunaanzia hapo tunatafuta nani yuko hai, yuko wapi, alikaa kwenye hiyo nyumba miaka gani. Miaka ni muhimu kuliko utajiri. Mtu aliyekaa pale 1974 mpaka 1978 ataombwa na mwenzake wa 1976 waliyelala chumba kimoja, sio na mimi Mswahili wa Indiana ambaye sikuwahi hata kuapishwa. Kazi yangu mimi ni kumwandaa huyo mwenzake, nimwambie taja kiasi halafu nyamaza, usijaze ukimya kwa kujishushia bei mwenyewe. Wengi hapo ndo wanashindwa, wanataja laki moja halafu kabla mzee hajavuta pumzi wanasema "au hata elfu kumi sio mbaya."

Haya tuje kwenye kodi, hapa nitachukua muda kidogo manake ndo panapotenganisha kampeni inayoeleweka na fujo.

Ukichangia kampuni inayomiliki nyumba, kwa sheria ya Marekani hiyo ni klabu ya kijamii, kwa hiyo mchango wako huwezi kuukata kwenye kipato chako kinachotozwa kodi. Ukichangia msingi wa elimu wa fraterniti, yani ile taasisi ya hisani yenye hadhi ya 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi kinachohusu mashirika ya hisani, unakata. Watu wakisikia hivyo wanasema bas hela zote zipite huko. Haziwezi. Ule msingi unaruhusiwa kulipia mambo ya elimu tu, chumba cha kusomea, maktaba, nyaya za intaneti, meza na taa za kusomea. Haulipii baa ya chini, haulipii chumba cha pool table wala sebule ya kutazamia mpira. Kwa hiyo mchoraji anakaa anapima nyumba nzima, futi kwa futi, sehemu gani ni ya elimu, na msingi unalipia kulingana na hiyo sehemu, mwanasheria anapitia, ndo hela inatoka. Kumekuwa na mswada wa kubadilisha hii, ambao vyama hivi vimeusukuma Washington kwa miaka mingi, wa kuruhusu hela ya hisani itumike kwenye nyumba za wanafunzi kama vyuo vinavyofanya kwenye mabweni yao, lakini mimi sipangi bajeti kwa kutegemea mswada.

Tunachofanya ni kuwa na mifuko miwili na kujua nani tumpeleke wapi. Tangu sheria ya kodi ya 2017 ipandishe kile kiwango cha makato ambacho kila mtu anapewa bila kuorodhesha michango yake, Wamarekani wengi wa kawaida hawaorodheshi tena, kwa hiyo mtu wa dola 500 kwake haina tofauti kubwa mfuko upi, huyo namwomba achangie kampuni ya nyumba moja kwa moja, hela yake iko huru hata bomba la choo itanunua. Mwenye laki mbili ndo anataka msingi. Na mzee aliyevuka miaka 70 na nusu ana njia nzuri zaidi, anaweza kuamuru hela itoke kwenye akaunti yake ya kustaafu iende moja kwa moja kwenye taasisi ya hisani bila kuhesabiwa kama kipato chake, ila lazima iende kwenye ule msingi, akiielekeza kwenye kampuni ya nyumba anatozwa kodi. Wazee wenyewe mara nyingi wanashangaa kusikia hivyo.

Halafu kuna moto. Mimi moto sijadili na bodi, unaingia kwenye bajeti wa kwanza. Tarehe 7 Desemba 1906 nyumba ya Chi Psi pale Cornell iliungua usiku, wakafa wanafunzi 4 na wazimamoto 3 wa kujitolea. (Siku tatu kabla yake, chuo hichohicho, vijana weusi saba walikuwa wameanzisha Alpha Phi Alpha, fraterniti kongwe kuliko zote za weusi zilizopo leo vyuoni. Vyama vya weusi vingi havina hizi nyumba kubwa mpaka leo kwa sababu ardhi, mikopo na wahitimu matajiri wa miaka ile vilikuwa upande wa wazungu, ndo maana hata Phi Beta Sigma, aliyokuwa mwanachama wake Kwame Nkrumah, ukiuliza nyumba yao chuoni mara nyingi hakuna cha kuonyeshwa.) Nyumba ya Sullivan pale Madison nayo iliungua vibaya 1972 ikabidi irudishwe upya. Na Mei 1996 pale Chapel Hill, North Carolina, Siku ya Mama ambayo ilikuwa ndo siku ya mahafali, nyumba ya Phi Gamma Delta ikaungua wakafa wanafunzi 5. Mji ukapitisha sheria nyumba zote za fraterniti ziwekwe springla, vile vijibomba vya darini vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukiwaka. Tatizo springla hazina mvuto, hakuna mtu anayetaka jina lake libandikwe kwenye bomba. Kwa hiyo majina tunauza kwenye vitu vinavyopendwa, eneo la meko, ngazi kuu, maktaba, meza ya kulia, na bei ya kila jina imeshabeba sehemu yake ya springla, nyaya na mfereji wa maji taka. Mtoaji anajua, hatumfichi, ila kibao kinakaa kwenye meko.

Swali gumu kuliko yote sio la hela. Mzee anakuuliza, je vijana wakifungiwa na chuo? Na ana haki. Chuo cha Colby kule Maine walifuta fraterniti zote 1984. Chuo cha Penn State, Februari 2017, Timothy Piazza wa miaka 19 alifariki baada ya usiku wa kupokea wanachama wapya kwenye nyumba ya Beta Theta Pi, nyumba ya zamani ambayo mhitimu mmoja alikuwa amemwaga mamilioni ya dola kuikarabati, ina mpaka kamera za ulinzi, na ni hizo kamera zilizoonyesha jinsi vijana walivyochelewa masaa kuita msaada. Tawi lao la pale chuoni likafungwa, na mambo ya nyumba na hela yakaishia mahakamani. Kwa hiyo siku hizi siendi kwa mtoaji mkubwa bila karatasi inayosema tawi likifungwa nyumba inapangishwa kwa nani, ikiuzwa hela inaenda wapi, na nani mtu mzima anaishi humo ndani na hao vijana. Bodi isiyotaka kuandika hiyo karatasi siwezi kuisaidia, hata iwe na mnara na vioo vya rangi.

Kuhusu ukongwe kisheria, nitapita haraka. Nyumba kuingia kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria hakukuzuii kufanya ukarabati kwa hela yako, watu wanaogopa bure, kinachobana ni sheria ya mji kama ipo. Kuna nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 20 ya gharama, inagawanywa miaka 5, ila jengo liwe linaingiza kipato, kazi ifuate viwango vinavyosimamiwa na National Park Service, idara ya serikali kuu ya hifadhi za taifa (dirisha la mbao linatengenezwa, halibadilishwi la plastiki), na mwenye jengo asiyelipa kodi inabidi atafute mwekezaji anayelipa. Kwa mradi mdogo mwanasheria atakula faida yote.

Mwisho, ahadi sio hela. Watu wanaahidi kwa miaka 5, dola 50,000 ni 10,000 kila mwaka, wakati mkandarasi anataka chake mwezi huu. Kwa hiyo benki inakopesha hapo katikati kwa kuangalia zile ahadi zilizosainiwa, na riba ya huo mkopo lazima iwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na wale wachache watakaofariki au kufilisika kabla hawajamaliza.

Na wanaouliza kama nalipwa asilimia ya ninachokusanya, hapana. Maadili ya kazi yetu yanakataza kamisheni, nalipwa ada ya mwezi iliyopangwa, hela iingie isiingie.