Machozi ya mtuhumiwa hayahesabiwi

"Ameomba msamaha mbele ya wazee, amelia, huyu hatarudia kumpiga mkewe." Kauli hii imenichosha, kwa sababu kila ikisemwa kuna mwanamke anayerudishwa kwenye nyumba ileile.

Chukua ODARA, kipimo cha uwezekano wa mume kumpiga mkewe tena, kilichotengenezwa Ontario, Kanada, kutokana na mafaili ya polisi. Kina maswali 13. Ndiyo ni alama 1, hapana ni 0. Majuto hayamo. Yaliyomo ni yale yaliyowatofautisha waliorudia kupiga na wasiorudia: aliwahi kuripotiwa, alivunja masharti ya dhamana, alimpiga mke akiwa mjamzito.

Tuhesabu. Mume alisharipotiwa kwa kumpiga mkewe (1), aliwahi kuvunja dhamana (2), safari hii ametishia kuua (3) na kumfungia mke chumbani (4). Wana watoto wawili wadogo (5), mmoja ni wa mume wa zamani (6). Mke anasema anaogopa atapigwa tena (7). Kwa kuwa ana watoto wa kulea, kutoroka na kutafuta msaada ni kazi ngumu (8). Waliopata 7 na kuendelea, takriban 7 kati ya 10 walirudi kushambulia. Huyu ana 8. Alie asilie, 8 inabaki 8.

Kosa linaloharibu hesabu hii ni kuandika 0 pale usipojua. "Sijui" siyo "hapana". Majibu yanayokosekana yasizidi 5, na alama hurekebishwa kwa jedwali lake. Kosa la pili ni kumuuliza mke huku mume amekaa pembeni. Muulize peke yake, mlango umefungwa.

Wapo wanaosema: "Mke anaongeza chumvi." Hofu yake ni mojawapo ya yale maswali 13, na iliingizwa kwa sababu ilithibitika inatabiri.

"Tatizo ni pombe tu." Ulevi una alama moja kati ya 13. Akiacha kunywa, kumi na mbili bado zinakungoja.

"Wakiachana, hatari imekwisha." Kuondoka ndicho kipindi cha kumlinda zaidi, siyo cha kufunga faili.

"Alama ndogo, basi hatauawa." ODARA inakadiria kupigwa tena. Kwa hatari ya kuuawa kuna dodoso la mtafiti Jacquelyn Campbell wa Marekani, maswali 20, linaloanza na kalenda: mke anatia alama siku alizopigwa mwaka uliopita. Humo mna swali la kukabwa koo, ambalo ODARA haina. Utafiti wa Marekani uliona kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano wa kuuawa unaozidi mara 7 ule wa ambaye hakukabwa. Usiulize "alikunyonga?", wengi watakataa. Uliza: "Amewahi kukushika shingoni?" Akijibu "alinishika tu", endelea: pumzi ilikata? Sauti ilikauka? Alizimia? Alijikojolea? Kumeza kunauma? Usingoje alama shingoni. Mara nyingi hakuna hata mchubuko. Jibu la ndiyo, hata moja, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.