Uduvi wa Dimbwini Hawashuki na Mvua

Mvua za kwanza zikishaipiga Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mashimo yaliyoachwa na wachimba kifusi kando ya barabara ya Moroto hujaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ngoja wiki moja au mbili, chota maji hayo kwa chupa ya soda, yaache yatulie, kisha inua chupa usawa wa jua. Utaona viumbe wa urefu wa kiungo cha kidole, wembamba, mwili unapenya mwanga, wanaogelea chali huku safu za miguu zikipiga mawimbi kuelekea juu. Mimi nawaita uduvi wa dimbwini. Niliyoyasikia juu yao sokoni na malishoni ni mengi.

"Wanashuka na mvua." Mzee mmoja mfugaji aliniambia hivyo, na sikumcheka. Jana vumbi, leo maji, wiki ijayo viumbe: nani asingetazama juu? Ila jibu liko chini ya kwato za ng'ombe wake. Majike wa msimu uliopita walibeba mayai katika kifuko nyuma ya miguu, kila yai halifiki nusu milimita, wakayaacha kwenye tope. Ndani ya ganda lile gumu kuna kiinitete kilichoanza kukua kikasimama, karibu kila kitu mwilini mwake kimezimwa. Tope linakauka, linapasuka, linaungua jua, yai limo. Hata ndege akilimeza, laweza kutoka upande wa pili likiwa zima. Linaweza kungoja miaka, hata makumi ya miaka.

Mvua ikija, baadhi huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Nasema baadhi, kwa kuwa hapo ndipo penye ujanja. Mvua ya Karamoja ni laghai: hunyesha siku mbili, ikatoweka wiki tatu. Mayai yote yangeitikia mvua hiyo, ukoo mzima ungeishia kwenye tope kavu. Kwa hiyo mengine hubaki yamelala, ya mvua ya pili, ya mwaka kesho, ya mwaka usiojulikana. Ni ghala lisilofunguliwa lote kwa mkupuo.

"Dimbwi likikauka wamekwisha, hakuna cha kulinda." Wakubwa wamekufa, kweli. Lakini ukoo wao ni ule udongo mkavu unaoupita kwa pikipiki. Ndiyo maana nikiona watu wanafyatua matofali kwenye kitako cha dimbwi, moyo unanishtuka: mayai yaliyostahimili jua miaka yote hiyo yanaingia tanuruni.

"Ni viluwiluwi vya mbu." Hapana. Mbu mchanga huning'inia juu ya maji apate kupumua. Uduvi huzunguka kila kona akichuja mwani na bakteria. Haumi mtu wala ng'ombe. Wala si wale kamba wadogo wanaonaswa pamoja na mukene, yaani dagaa, Ziwa Victoria. Wale, Caridina nilotica, wana gamba; huyu hana gamba kabisa, na miguu yake kwa kawaida ni jozi 11. Ndugu yake wa karibu ni Artemia wa maji ya chumvi, ambaye mayai yake huuzwa kwenye makopo kwa wanaolea vifaranga vya samaki.

"Wote ni aina moja." Duniani zimeshaelezwa aina zaidi ya 300, na barani Afrika jenasi ya Streptocephalus, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, ndiyo yenye wengi. Wataalamu huzitambua kwa papasi za dume, zilizojikunja kama mikono ya kumkamatia jike. Mayai nayo husaidia: mengi ni mviringo, ila kuna kundi ambalo yake yana pembe, sambusa kabisa ukiyatazama kwa hadubini.

"Chimba lambo lisilokauka, mwaga sato, utawasaidia." Hapa ndipo ninapogombana na watu. Silipingi lambo, ng'ombe lazima wanywe. Lakini uduvi hana gamba wala mbio, na kinga yake pekee dhidi ya samaki ni ukame. Maji yakidumu, samaki wakikaa, yeye ataliwa. Basi lambo lichimbwe, na madimbwi ya jirani yaachwe yakauke kama yalivyozoea.

"Ardhi oevu ni mafunjo na maziwa." Uganda iliingia Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 1988, na maeneo yake yaliyoorodheshwa ni 12. Mkataba huo huo unahesabu maji ya kudumu na ya muda, na mwaka 2002 nchi wanachama zilipitisha mwongozo wa madimbwi ya msimu. Kule California, Marekani, uduvi wa namna hii waliingizwa kwenye ulinzi wa sheria mwaka 1994. Dimbwi la kando ya barabara si jambo la kuchekesha.

"Wanaogelea chali kwa sababu wanakufa." Hili ni la watoto, na ndilo nilipendalo. Ngoja usiku, zima taa, weka tochi ya simu chini ya chupa. Watapinduka wote, miguu chini, kwa kuwa tumbo lao hufuata mwanga. Ukimaliza, rudisha maji kwenye dimbwi lile lile ulikoyachota.